Bunduki gani ya jeshi la zamani huwezi kuiuza hata iweje?

KitakoChaMbao aliandika:

Wakuu habari, naombeni maoni. Nimelazimika kupunguza kabati, nafasi imeisha na bunduki nyingine sijazigusa muda mrefu, sasa nimepanga zote mezani naangalia ipi iondoke na kila nikifika kwenye K31, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Uswisi, mkono unarudi wenyewe. Kwa pesa siyo ghali kuliko zote nilizonazo na kwa uzuri ndo kabisa, kitako chake kimepigwapigwa chini huku kama kimelowa maji miaka mingi, wenye nazo mnajua karibu zote za Uswisi ziko hivyo.

Ninachopenda kwanza ni bolti, kile chuma kinachoingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu. Hunyanyui mkono wake kama Mauser ya Kijerumani, unavuta nyuma moja kwa moja na kusukuma mbele basi, imekaa tayari, risasi sita kwenye magazini, na shabaha yake kwa bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wa kawaida tu inatia aibu vitu vipya. Lakini siyo hiyo sababu.

Mwaka jana nilifungua bamba la chuma la kitako, zile skrubu mbili, nikakuta kikaratasi kimekunjwa. Jina la mtu, kikosi chake, mwaka wa kuzaliwa. Nilikaa nimekishika sijui dakika ngapi. Kabla ya hapo ilikuwa bunduki yangu, toka siku hiyo naona kama nimeazimwa. Je, ni mimi tu au na nyie mna moja ya namna hiyo? Na nyie inawashika kwa nini?

NambaZifanane:

Hongera mkuu, hicho kikaratasi ni kitu. Waswisi askari alikuwa anakaa na bunduki yake nyumbani miaka yote ya utumishi, akimaliza akitaka anabaki nayo, ndo hizo zinapigwa muhuri wa P, yaani imekuwa ya mtu binafsi. Kwa hiyo huyo hakuishika wiki mbili akarudisha ghalani, ameishi nayo. Angalia kama namba ya bolti, ya magazini na ya mwili zote ni moja. Zikiwa moja usiuze, zisipofanana uza. Mimi sinaga hisia na vyuma, naangalia namba tu.

grisi_na_kutu:

@NambaZifanane wewe ndo ungeiuza ya mama yako mzazi kisa bolti haifanani 😂

Yangu ni Mosin 91/30, bunduki ya Kisovieti, ya kiwanda cha Izhevsk, 1942, na namba zake zinafanana kwa sababu Wasovieti walizichapa upya huko kwenye matengenezo baada ya vita, kwa hiyo kwa sheria zako haina thamani. Sawa. Ila ishike uone. Juu ya mwili wake mistari ya mashine iko wazi kabisa, hakuna aliyepoteza muda kung'arisha, ukiiweka pembeni ya ile ya kabla ya vita utadhani wametengeneza watu wa dunia mbili. Wajerumani walikuwa ndani ya nchi, mwaka mmoja nyuma kiwanda kingine cha bunduki, cha Tula, kilishahamisha mitambo yake kwenda mashariki, bunduki zinatakiwa jana. Ule ukwaruzaji ndo tarehe yenyewe, hata kama mwaka ungefutika ningeujua kwa kidole.

Na kuna ujinga niliufanya nikiwa mgeni wa mambo haya, Mosin yangu ya kwanza kabisa niliipiga msasa kitako chote nikapaka vanishi ikang'aa kama meza ya sebuleni. Nikafuta mihuri yote ya wakaguzi kwa mikono yangu mwenyewe. Bado ninayo, hainunuliki, na sijawahi kuipenda.

MzeeWaShabaha:

Mimi Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza, ile iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Savage, ina maandishi US PROPERTY ubavuni wakati Wamarekani wenyewe hawakuitumia, zilikuwa za kuwapa Waingereza kwenye vita. Ilikuwa ya marehemu baba.

Baba hakuwa mwongeaji. Alichonifundisha kwa ukali ni kupanga risasi, maana risasi yake ya .303 ina ukingo mpana kwenye kitako chake, ukiweka vibaya ukingo wa juu ukakaa nyuma ya wa chini bolti inasukuma mbili pamoja na kila kitu kinakwama. "Wa juu utangulie." Kumi zinaingia kwa klipu mbili za tano tano, na alikuwa ananiangalia mpaka ya mwisho, nikikosea anamwaga zote mezani naanza upya. Nilikuwa nachukia. Sasa hivi nikipanga, nasema kwa sauti peke yangu kama kichaa.

Kwahiyo @KitakoChaMbao si wewe tu.

FunditMtutu:

Maneno matamu haya ila nawakumbusha kama fundi, mnaopiga hizi za urithi. Mzee, hiyo No. 4 vichwa vya bolti vina namba za ukubwa, 0 mpaka 3, mtu akibadilisha bolti bila kupima kwa geji nafasi iliyopo nyuma ya risasi unaweza kupasua ganda usoni. Ipimwe. Na wewe @grisi_na_kutu, ukipiga risasi za zamani za Kisovieti kwenye Mosin, kiwashio chake kinaacha chumvi ndani ya mtutu na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta hata upake debe zima. Maji ya moto kwanza, kausha, ndo mafuta. Siku hiyo hiyo, siyo kesho. Nimeona mitutu mingi imeliwa na watu walioamini wamesafisha.

NambaZifanane:

Fundi kasema kweli. Turudi kwa K31, mkuu umejaribu kumtafuta mwenye jina? Kuna watu wameandika barua wakajibiwa, wengine na familia. Au basi weka na wewe kikaratasi chako chini ya kile, ajaye akute wawili.

KitakoChaMbao:

Hapana, changu siweki. Mimi sijaibeba mlimani kwenye baridi, nimeinunua tu.

Kuhusu kumtafuta, kwa mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa pale sidhani kama yupo. Familia nimewaza, nikaandika hata mistari miwili nikafuta, sijui ningewaambia nini, kwamba bunduki ya babu yenu iko kwangu na inapiga vizuri? Labda ndiyo, labda wangependa kujua hilo hilo.

Nimekirudisha kilivyokuwa kimekunjwa, upande ule ule. Namba zinafanana zote btw. Inayoondoka ni Mauser, nimeshaamua. Halafu fundi, ile skrubu ya chini imegoma kuingia mpaka mwisho, nisiilazimishe au?

FunditMtutu:

Usiilazimishe. Itoe, safisha tundu kwa kijiti, mbao imevimba tu. Na tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji, usije ukaharibu kichwa chake sasa hivi baada ya miaka yote hiyo.