Mustang ni ya Mmarekani au ya Mwingereza?

Kipanga:
Wakuu, jana kijiweni nusura tushikane mashati juu ya P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili. Mimi nasema ni ya Uingereza. Mwaka 1940 Waingereza ndio walioiagiza, ndege 320 kwa mkupuo, wakati jeshi la Marekani lenyewe halijaionea haja. Na ilipoonekana inakata pumzi ikivuka futi 15,000, Rolls-Royce wa Uingereza ndio walioifunga injini yao ya Merlin, mwaka 1942. Bila hapo isingefika popote. Mwenye hoja aje.

Shaba_Tupu:
Unapotosha. Kiwanda kilichoiunda, North American, kilikuwa California, mchoraji wake Edgar Schmued, na waliitoa ndani ya siku 120. Hilo la injini ni kazi ya gereji tu. Mtaani kila siku watu wanashusha injini na kupandisha nyingine, umewahi kusikia fundi anadai gari ni lake?

FundiKeko:
"Kazi ya gereji tu." Ndugu yangu, hiyo "tu" yako imeniuma. Nina miaka 22 chini ya magari. Mwezi uliopita nilitoa injini ya petroli kwenye Hiace nikafunga ya dizeli. Pale injini inapokalia palikataa, nikakata na kuchomelea upya. Rejeta ikawa ndogo, maji yakachemka hata Buguruni hatujafika. Siku tisa, silali vizuri. Sasa itazame Mustang. Injini ya kwanza, Allison, ilivuta hewa kwa juu ya pua. Merlin inavuta kwa chini, ikabidi mdomo wa hewa uhamishwe. Pangaboi la mapanga matatu likawa la manne kwa sababu nguvu imezidi. Rejeta ya tumboni nayo ikaongezewa njia ya hewa. Unadhani hayo yalijifunga yenyewe?

Shaba_Tupu:
Sijakutukana, usijivike. Ila mafundi nawajua. Gari langu la mwisho lilirudi na nati mbili zimewekwa kwenye dashibodi, naambiwa "hizi zilizidi". Mtu huyo siwezi kumweka meza moja na mhandisi.

FundiKeko:
Basi nenda kamdai aliyekuachia nati. Mimi sijawahi kurudisha gari na nati mkononi.

BiNuru:
Kaka Shaba, kwanza hesabu yako. Siku 120 ndizo zinazotajwa sana kuwa muda wa makubaliano. Bodi ilitoka siku ya 102, na ilitoka bila injini, magurudumu yameazimwa kwenye ndege ya mafunzo. Iliruka Oktoba 26, 1940.

Pili, hilo la fundi na mhandisi. Merlin hiyo hiyo, kwenye Spitfire na Hurricane, ndege za kivita za Waingereza, ilikuwa na ugonjwa: rubani akiinamisha pua ghafla, kabureta inavurugika na injini inakohoa, wakati Mjerumani mbele yake anazama bila shida kwa sababu injini yake inapuliziwa mafuta moja kwa moja. Aliyeitibu mwaka 1941 ni Beatrice Shilling wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza. Dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu katikati, kinachobana mafuta yasifurike. Yeye na wenzake wachache walizunguka kwenye viwanja vya ndege wakikifunga. Alikuwa mhandisi mwenye digrii, na alikuwa anashika spana mwenyewe, maana alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki. Mpaka huo unaouchora wewe, yeye hakuujua.

Shaba_Tupu:
Dada, tunazungumzia Mustang, wewe umeingia na Spitfire.

BiNuru:
Nimekujibu ulichosema wewe. Nati za dashibodi nazo zilikuwa za Mustang?

MkiaMwekundu:
Mnapoteza muda na Rolls-Royce, wale marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee na kurusha Mustang hata hamuwataji! Kikosi cha 332, mikia myekundu, walisindikiza ndege za mabomu na hawakupoteza hata moja.

Kipanga:
Mkuu, hilo la "hata moja" kumbukumbu za jeshi zilipopekuliwa zilionyesha zaidi ya 20 ziliangushwa na ndege za adui. Bado ni chache kuliko wastani wa vikosi vingine vya huko Italia.

MkiaMwekundu:
Mweusi akifanya jambo lazima apekuliwe. Wengine mbona hampekui?

Kipanga:
Nimekuambia waliwazidi wengine, bado unanikasirikia?

FundiKeko:
Na mafundi wao walikuwa weusi pia, wamefundishwa darasani kama marubani. Alfajiri wao ndio waliokuwa chini ya hiyo mikia.

Halafu kuna jambo moja limenikaa moyoni. Mustang ilifika Berlin Machi 1944 kwa sababu ya mafuta: tangi la galoni 85 nyuma ya rubani, na mengine yakining'inia chini ya mbawa. Uingereza walitengeneza ya kuning'iniza kwa karatasi. Karatasi na gundi, galoni 108! Ukishalijaza huwezi kuliacha likae, gundi inalegea baada ya saa chache. Kwa hiyo unajaza karibu na kuruka, likiisha rubani analiachia, na adui haokoti hata kipande cha bati. Nimewaonyesha vijana wangu gereji, mmoja akaacha kazi kabisa akakaa chini kusikiliza.

Shaba_Tupu:
Hilo la karatasi sikulijua, nakubali. Lakini Merlin zilizofungwa kwenye Mustang za kiwandani zilitoka kiwanda cha magari cha Packard, Detroit, Marekani. Sasa Uingereza iko wapi hapo?

FundiKeko:
Michoro ilitoka wapi?

Shaba_Tupu:
Packard waliichora upya yote.

FundiKeko:
Upya kutoka kwenye nini?