Mabua matupu ya mviringo kinamasini: ni Juncus au jamii ya ndago?

kando_ya_bwawa
Wakuu, naomba msaada. Tunaorodhesha mimea ya kinamasi kimoja cha nyanda za juu, mwinuko wa mita 1,900 hivi. Kuna mimea minne yenye mabua ya kijani, mviringo, yasiyo na majani, kimo kati ya sentimita 40 na mita moja na nusu. Mwongozo tulio nao ni wa Ulaya: bua la mviringo ni Juncus (jenasi ya mimea ya majimaji inayofanana na ndago), la pembe tatu ni jamii ya ndago. Kwa kanuni hiyo yote minne imekuwa Juncus effusus, na siamini. Wenyeji nao wanayaita yote ndago. Nianzie wapi?

Lenzi10
Kanuni hiyo iweke kando. Ndago yenyewe, Cyperus rotundus, ina pembe tatu kweli, lakini nduguze wa mviringo huku ni wengi: Schoenoplectus, Eleocharis, Cyperus articulatus. Achana na bua, anza na shada la maua. Tafuta lililokomaa, maana changa litakusumbua bure, na uwe na lenzi ya 10x.

Fumua ua moja kwa ncha ya sindano. Ukikuta vipande sita vidogo vikavu vimezunguka kitumba kinachopasuka sehemu tatu, ndani mbegu nyingi kama vumbi, hiyo ni Juncus. Ukikuta magamba, na kila gamba limeficha kokwa moja tu (kitunda kigumu chenye mbegu moja), uko kwenye jamii ya ndago. Hapo tazama magamba yalivyopangwa. Yakiwa safu mbili, kisuke (kile kisehemu cha shada kinachobeba magamba) kimekuwa bapa, ni Cyperus. Yakizunguka kisuke pande zote kama ngozi ya nanasi, ni Schoenoplectus au Eleocharis. Hizo mbili hazisumbui: Eleocharis ina kisuke kimoja tu kileleni, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na hakuna kitu juu yake.

mkono_matopeni
Naongezea, maana hapo kuna mtego. Schoenoplectus na Juncus effusus zote huonekana kama shada limechomoza ubavuni mwa bua. Sivyo. Kile kipande cha juu ni jani la chini ya shada, limesimama wima likajifanya bua. Kwa hiyo "shada la ubavuni" lisikuamulie chochote. Na Cyperus laevigatus hucheza mchezo uleule: fupi, mara nyingi chini ya nusu mita, visuke vimebanana upande, jani moja limesimama. Kwa mbali utaapa ni Schoenoplectus changa. Zile safu mbili za magamba ndizo zinazoiumbua. Maji yakiwa ya magadi, kama kwenye chemchemi za Ziwa Bogoria, Kenya, ishuku hiyo kwanza.

Pia kuna suala la vifundo. Pitisha bua kati ya kidole gumba na cha shahada huku ukibana kidogo. Kwenye Cyperus articulatus utahisi kuta za ndani zikipita moja baada ya nyingine, na bua likikauka zinaonekana kwa macho kama pete. Ila vifundo peke yake si ushahidi: Eleocharis dulcis inavyo, na Juncus oxycarpus inavyo kwenye majani, ambayo ni mviringo kiasi kwamba watu huyahesabu kama mabua.

Juncus effusus lichane bua lake kwa ukucha, kwa urefu. Moyo wake ni sponji nyeupe isiyokatika. Unachomoka kama utambi, na kweli zamani ulitumika kama utambi wa taa. Chini, badala ya majani, kuna ala za kahawia, yaani maganda yanayokumbatia bua.

Lenzi10
Sahihi, hiyo laevigatus niliiruka.

gazeti_kavu
Sampuli: msikate bua usawa wa maji. Ala na shina la chini ya tope ndivyo vinavyopotea, na bila hivyo mtu wa hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) hana pa kushika. Chukueni mabua mawili au matatu kamili. Refu likunjwe kama herufi N, lisikunjwe duara. Mabua manene hushika maji ndani, kwa hiyo yapasueni upande mmoja na kubadilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo, la sivyo ukungu utawahi. Kokwa zinazodondoka zitiwe kwenye bahasha ndogo palepale. Rangi ya magamba na kina cha maji viandikwe mkiwa uwanjani. Rangi hufifia, na kina hakikumbukwi. Hebaria ya Afrika Mashariki iko Nairobi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hebaria.

kando_ya_bwawa
Nimerudi na lenzi. Namba 1 ina vitumba na sponji isiyokatika. Namba 2 magamba yanazunguka, visuke vinane. Namba 3 kisuke kimoja kileleni. Namba 4 haina shada hata moja, bua halina vifundo.

mkono_matopeni
1 ni Juncus effusus, ukiona na zile ala za kahawia. 2 iandike Schoenoplectus, spishi isubiri kokwa. 3 ni Eleocharis. 4 usiipe jina: funga utepe kwenye kitita, chukua alama ya GPS, urudi ikichanua.