Leva za goti mnazitumia kila siku, Zane Beck hamumtaji. Hii ni dhuluma

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu. Kila somo la gitaa la stili la pedali, lile linalopigwa likiwa limelala, kipande cha chuma kikiteleza juu ya nyuzi huku pedali za mguu na leva za goti zikibadilisha sauti zake, linaanza na mpigaji Buddy Emmons na kuishia kwa Buddy Emmons. Emmons heshima yake iko palepale: kampuni ya magitaa ya Sho-Bud aliianzisha pamoja na Shot Jackson, na nyuzi mbili za juu za E9 (tyuni ya kawaida ya gitaa hili), F# na D#, ni yeye aliyeziongeza mwaka 1962. Hakuna anayebisha. Ila mkifika kwenye leva za goti, ghafla hakuna mwenye nazo, kana kwamba ziliota zenyewe chini ya gitaa.

Hazikuota. Mwenye sifa ya kuzileta, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni Zane Beck wa Arkansas, mpigaji aliyekuwa pia fundi. Fikirini kidogo: mkono wa kushoto una chuma, wa kulia unadonoa, mguu wa kushoto uko kwenye pedali, wa kulia kwenye pedali ya sauti. Kilichobaki ni magoti, na Beck akayapa kazi. Kampuni kubwa zilikuwa na pesa na viwanda, lakini gitaa la Fender 1000 la mwaka 1957 lilitoka na pedali na kebo tu, bila leva hata moja ya goti.

Anayesema leva ni nyongeza ndogo afanye hesabu hii. Kodi ya E meja unaipata freti 12 bila kukanyaga kitu, na freti 7 kwa pedali A (inapandisha B kuwa C#) na pedali B (inapandisha G# kuwa A). Ya tatu iko freti 3: pedali A pamoja na leva inayopandisha E kuwa F. Ondoa leva, nafasi hiyo imekufa, na mteremko wote wa kutoka freti 3 kwenda 7 umekufa nayo. Halafu leva inayoshusha E kuwa D#: peke yake, bila chuma, inakupa G# maina, ongeza pedali B unapata B7. Nyimbo za country mnazozipenda zinapita humo kutwa, halafu jina la Beck hamlijui!

Linaloudhi zaidi ni magitaa yenyewe. Beck aliunda kwa jina la ZB Custom, kampuni ikaja kuchukuliwa na Tom Brumley, yule mpigaji wa Buckaroos, bendi ya mwimbaji wa country Buck Owens, na baadaye Beck akaunda tena kwa jina la BMI. Mpigaji B.J. Cole wa Uingereza alijenga jina lake akiwa na ZB. Sasa mtu anapata ZB ya zamani, anang'oa leva na vijiti vya kuvutia, anaviuza kipande kipande, kisha anatangaza mwili uliobaki kama "gitaa kamili, linahitaji marekebisho madogo". Madogo yapi? Hivyo vipuri havipatikani dukani. Umeshaua chombo cha watu.

Jibu la 1

Mtoa mada, nakazia. Na tangazo likija bila picha ya upande wa chini, usitume hata senti. Omba picha ya chini, kisha fuata kila leva kutoka gotini: mhimili, kikono, kijiti, mpaka kwenye chenja, ile mashine ya mwisho wa gitaa ambayo vidole vyake vinashika nyuzi na kuzivuta au kuzilegeza. Leva za E lazima zivute nyuzi mbili, ya 4 na ya 8. Ukiona kijiti kimoja tu, kuna kilichong'olewa.

Lingine ni hili la kulisingizia gitaa. "Leva za zamani hazirudi kwenye sauti." Mara nyingi ni nati ya nailoni pale mwisho wa gitaa imekazwa kupita kiasi. Ikikazwa hivyo, kidole cha chenja kinanyanyuka kwenye kituo chake hata kabla hujagusa leva, na sauti ya wazi haitatulia kamwe. Legeza nati zote kwanza mpaka vijiti vicheze kidogo. Tyuni nyuzi wazi kwa funguo za kichwani. Kisha bana pedali au leva mpaka mwisho, ndipo uzungushe nati: za kupandisha kwanza, za kushusha baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utazunguka kutwa nzima.

Kama uzi wa 4 ukishushwa unarudi ukiwa chini ya sauti yake, angalia springi ya kurudishia. Ikilegea haiwezi kukishikilia kidole dhidi ya mvuto wa uzi. Ikikazwa mno, goti linasukuma kama linasukuma ukuta. Kaza kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

Jibu la 2

Ongezeni uzi wa 3, ule wa G# wenye unene wa inchi .011. Ukikatika kila wiki pale juu ya chenja, si ubovu wa muundo. Kidole kimechimbika mfereji, na pedali B inaukunja uzi palepale kila inapokanyagwa. Sugua kidole kwa msasa laini mpaka mfereji uishe, kisha king'arishe. Wapo wanaobadilisha chenja nzima kwa sababu ya huo mfereji, na ya asili wanaitupa.

Mtoa mada

Wanaitupa, ndiyo. Mwenye chenja ya ZB iliyong'olewa asiitupe, aiweke hapa. Kuna magitaa yamelala yakiisubiri.