Mrejesho: Picha kwa mtindo wa Siskind, nimeanzia kwenye geti la Majengo

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nihariri vipi picha zangu za kuta zifanane na za Aaron Siskind, yule mpigapicha Mmarekani (1903–1991) aliyepiga picha rangi zilizobanduka na mabango yaliyochanika mpaka unasahau kama ni ukuta. Wengi mlinijibu niache kwanza kuhariri, nikaangalie mwanga. Sifichi, nilinuna.

Basi nikaenda Majengo, kuna geti la bati la bluu limeliwa na kutu. Saa sita mchana, jua la Dodoma mnalijua, picha ikatoka kavu, haina kina. Nikarudi saa kumi na moja jioni, mwanga unapita ubavuni: kila gamba la rangi likatupa kivuli chake, kutu ikawa kama ramani ya visiwa. Nikasogea mpaka kitasa kikatoka kwenye fremu. Kumbe kitasa ndicho kilikuwa kinaniharibia; kikibaki, mtu anaona geti tu.

Kuhariri kukawa dakika tano. Rangi nimetoa zote, weusi nimeukoleza, basi. Kuongeza ukali nimeacha, vumbi lilionekana kama upele.

Mwenye nyumba alitoka kuuliza kama nimetumwa na halmashauri. Nilipomwonyesha picha akasema, "Hili si geti langu." Nikafurahi mno!

Pia nimejaribu kupiga mbuyu kupitia vioo vitatu vya kujitazamia vilivyounganishwa pembetatu, kama alivyofanya mpigapicha Alvin Langdon Coburn mwaka 1917 ili kitu kivunjike vipande kwenye picha; nimevifunga kwa mpira mbele ya simu. Vimeanguka mara mbili. Kimoja kimepasuka.