Nyumba ya mwanajeshi mstaafu anayetumia kiti cha magurudumu, Ahero, Kenya

Mwana wa Ahero: Wakuu, habari zenu. Baba alistaafu jeshini, sasa anatumia kiti cha magurudumu. Mlangoni kuna ngazi tatu, na choo ni chembamba. Msaada tuuombe wapi, na fundi aanzie wapi?

Nyar Kondele: Pole kwa mzee. Anzeni na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Apimwe kwanza hospitali ya serikali. Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Kadi ikitoka, aombe KRA, mamlaka ya kodi, cheti cha msamaha wa kodi, mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi yasikatwe kodi. Ombi la nyumba liandikieni Wizara ya Ulinzi, mkitaja sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022. Ambatisheni nambari yake ya jeshi, picha, makadirio ya fundi na ripoti ya daktari. Ripoti isiishie "ulemavu wa miguu". Iseme hawezi kupanda ngazi na huhamia chooni kwa ubavu, ndipo anayesoma aone kwa nini mnataka kubomoa ukuta.

Fundi wa Zege: Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45. Kila sentimita 1 ya kwenda juu hutaka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo mteremko wa kupandishia kiti ni mita 5.4. Anayewaambia mita 3 zinatosha mkatalieni: mzee hatajisukuma kupanda, na akishuka kiti kitamkimbia. Upana mita 1.2, na mlangoni sakafu bapa ya 1.5 kwa 1.5 ya kugeuzia. Udongo mweusi wa huko hufura kwa mvua na kupasuka kwa jua. Uchimbueni, mjaze murram (udongo wa changarawe) na kuishindilia kwa matabaka, la sivyo mteremko utaachana na nyumba, na gurudumu dogo la mbele litanasa kwenye ufa huo. Juu msipige niru, yaani saruji ya kulainisha, itateleza. Pitisheni ufagio zege likiwa bichi, libaki na mikwaruzo.

Mwana wa Ahero: Asante sana. Mlango wa choo ni sentimita 70, kuta za matofali.

Fundi wa Zege: Panua hadi 90, ufunguke kwa nje. Ukifunguka ndani na mzee akaanguka, mwili wake utauziba. Kando ya choo acha sentimita 90 za kuegesha kiti. Vishikio usivitie kwa plagi za plastiki, tofali laini huziachia. Toboa ukuta mzima, pitisha bolti na uweke bamba la chuma upande wa pili. Kati ya bomba la kishikio na ukuta acha sentimita 4, mkono usinase.