Naomba ushauri: bata mzinga na maboga ya soko la wakulima kwa Siku ya Shukrani

Ndugu wanajamvi, natumaini hamjambo. Ninaishi Minnesota, jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa bata mzinga, na mwaka huu tumekubaliana nyumbani kumnunua wetu kwa mfugaji anayeuza katika soko la wakulima, badala ya yule wa dukani aliyegandishwa.

Kinachonitatiza zaidi ni uchinjaji. Sisi ni Waislamu, na mfugaji ameridhia tuchinje wenyewe shambani kwake, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko bei. Je, aliyewahi kufanya hivyo alimhifadhi vipi ndege wa kilo saba hadi Alhamisi ya nne ya Novemba, yaani Siku ya Shukrani ya huku Marekani, ikiwa nyama mbichi ya ndege haifai kukaa kwenye friji zaidi ya siku mbili? Nikimgandisha, atahitaji siku tatu au nne kuyeyuka ndani ya friji, nami ningependa kujua kama ladha hupungua. Vilevile, kidari hukauka kabla mapaja hayajafikia nyuzi joto 74 za Selisiasi; ningemkatakata na kumpika kwa tui, lakini mama mkwe anataka aletwe mezani akiwa mzima.

Kuhusu maboga, yale makubwa ya kuchonga mapambo yana maji na nyuzinyuzi nyingi. Naomba mnitajie aina ya msimu huu wa vuli yenye nyama kavu na tamu, inayostahimili kupikwa kwa nazi na iliki bila kuvurugika.