Upenyezaji: darcy, mita ya mraba, mita kwa sekunde, barrer. Nitumie kipi?

Chujio_Jipya

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo kwenye mradi wa uzamili, napima tando za kuchujia maji. Utando wangu una unene wa mikromita 100. Kwa shinikizo la bar 1 unapitisha lita 200 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Msimamizi anataka nimwandikie "upenyezaji" wake, basi. Makala za miamba ya mafuta zinatoa darcy, vitabu vya maji ya ardhini vinatoa mita kwa sekunde, na watu wa tando za gesi wanatoa barrer. Kuna jedwali la kubadilisha vizio vyote hivi? Halafu hii ya kupima kwa mita ya mraba inanisumbua: ni eneo la nini?

Mchanga_Mkavu

Mkuu, jedwali la namna hiyo haliwezekani, kwa sababu hivyo si vizio vya kitu kimoja. Kabla ya kubadilisha chochote, uliza: namba hii imeshaondolewa nini? Unene? Mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka? Vyote viwili, au hakuna hata kimoja?

Anza na Henry Darcy mwenyewe. Mwaka 1856 alichapisha majaribio yake ya Dijon, Ufaransa, ya kupitisha maji kwenye mabomba yaliyojazwa mchanga. Aliona mtiririko unaongezeka kadiri ya eneo na tofauti ya kimo cha maji, na unapungua kadiri tabaka la mchanga linavyokuwa refu. Kigawo chake kinatoka kwa mita kwa sekunde, na ndicho watu wa visima wanachotumia hadi leo. Lakini ndani yake mchanga na maji vimechanganyika. Mnato wa maji kwa nyuzi 10 za Selsiasi ni kama milipaskali-sekunde 1.31, na kwa nyuzi 30 ni 0.80. Kwa hiyo mchanga uleule, bila punje hata moja kusogea, unapitisha maji zaidi kwa asilimia 60 na ushee kwa sababu ya joto tu.

Ukitenga mnato, uzito wa maji na unene, kinachobaki ni sifa ya mchanga peke yake, nacho kina kizio cha mita ya mraba. Darcy 1 ni 9.87 × 10⁻¹³ m², karibu sana na mikromita moja ya mraba. Kwa maji ya nyuzi 20, hiyo ni takriban 10⁻⁵ mita kwa sekunde.

Sasa, eneo la nini? Si eneo la utando wako, wala si jumla ya matundu yake. Chukua mrija mwembamba: mtiririko ndani yake hufuata nusukipenyo kwa kipeo cha nne. Gawanya kwa eneo la mrija, unabaki na nusukipenyo cha mraba. Kwa mirija mingi iliyonyooka sambamba, upenyezaji ni uwazi (sehemu ya ujazo wote iliyo matundu) mara r²/8, r ikiwa nusukipenyo. Ile mita ya mraba, basi, ni ukubwa wa njia ya maji uliozidishwa kwa wenyewe. Ndiyo maana mfinyanzi unaweza kuwa na uwazi mwingi kuliko mchanga na bado ukakaribia kuzuia maji kabisa: njia zake ni finyu, na ukipunguza upana mara kumi unapoteza mara mia. Hapa ndipo uzuri wa somo lote ulipo kwangu. Kanuni ya Kozeny na Carman, inayokadiria upenyezaji kutokana na ukubwa wa punje na uwazi, inafuata wazo hilohilo: punje za milimita 0.2, uwazi wa asilimia 40, unapata kama 4 × 10⁻¹¹ m², yaani darcy 40 hivi.

Yako: lita 200 kwa mita ya mraba kwa saa ni 5.6 × 10⁻⁵ m/s. Zidisha kwa mnato (paskali-sekunde 0.001) na unene (mita 10⁻⁴), gawa kwa paskali 100,000. Jibu ni 5.6 × 10⁻¹⁷ m², au milidarcy 0.056.

Polima_na_Gesi

Naongezea upande wa barrer, uliopewa jina la mkemia Richard Barrer. Barrer 1 ni 3.35 × 10⁻¹⁶ mol·m/(m²·s·Pa). Angalia: unene umeondolewa, mnato haumo kabisa. Hauna kazi hapo, kwa kuwa kwenye polima isiyo na matundu gesi haitiririki. Inayeyuka upande mmoja, inasambaa kati ya minyororo ya polima, inatokea upande wa pili. Upenyezaji huo ni umumunyifu mara kasi ya kusambaa. Mpira wa silikoni hupitisha oksijeni kwa barrer 600 hivi, na namba hiyo huwezi kuigeuza kuwa darcy hata ukikesha.

Swali moja: utando wako una ngozi nyembamba juu ya tabaka la kuubeba? Kama ndiyo, zile mikromita 100 hazina maana kwenye hesabu. Usizidishe kwa unene. Toa lita kwa mita ya mraba kwa saa kwa bar, na useme hivyo wazi.

Chujio_Jipya

Asanteni sana wakuu. Hadubini ya elektroni inaonyesha vitundu vinavyofanana toka juu hadi chini, hakuna ngozi. Maji yalikuwa nyuzi 27. Ila nilipopima kwa naitrojeni, upenyezaji umetoka mkubwa kuliko wa maji, na unazidi kukua nikishusha shinikizo.

Mchanga_Mkavu

Kwa nyuzi 27 mnato ni milipaskali-sekunde 0.85, hivyo andika 4.7 × 10⁻¹⁷ m².

Hilo la naitrojeni linajulikana. Klinkenberg alilieleza mwaka 1941. Kwenye vitundu vidogo namna hiyo molekuli za gesi huteleza ukutani badala ya kunata kama maji, na zaidi shinikizo likiwa dogo. Kwanza hakikisha umetumia tofauti ya miraba ya shinikizo, maana gesi hutanuka njiani. Kisha chora upenyezaji dhidi ya 1 gawanya kwa wastani wa shinikizo, urefushe mstari hadi sifuri. Pale unapokata mhimili ndipo ulinganishe na maji. Na maji nayo yapime kwa shinikizo nne au tano, utumie mteremko. Mstari ukianza kulala kwenye shinikizo kubwa, huenda utando unagandamizwa au unaziba, na hapo soma sehemu ya mwanzo tu.